Chambo Bandia na Bahari Isiyotulia

Mvuvi atumiaye chambo halisi ana msaidizi majini. Kipande cha ngisi au dagaa mbichi aliyetungwa kwenye ndoana ana harufu na ladha. Hata mvuvi akisinzia ndani ya mtumbwi wake, chambo hicho huendelea kumwita samaki. Chambo bandia hakina msaada wa namna hiyo. Ni kipande cha mti, cha bati, cha manyoya au cha plastiki. Hakinuki, hakina ladha, na kikiachwa kitulie hakina tofauti na takataka nyingine yoyote iliyotupwa baharini. Uhai wake wote hutoka katika mkono wa mvuvi, na mkono huo hauwezi kufanya kazi yake sawasawa pasipo mvuvi kuyafahamu maji aliyomo.

Wako watu wanaodhani kwamba siri ya uvuvi huu imo dukani. Kwamba mwenye fedha za kununua chambo kilichopakwa rangi nyingi ndiye atakayerudi na samaki. Ukweli ni kinyume chake. Kama vile askari afundishwavyo kuipima ardhi kabla hajachagua njia ya kuipitia, ndivyo mvuvi wa chambo bandia apasavyo kuyapima maji kabla hajakifungua kisanduku chake. Maji yakibadilika, chambo nacho hakina budi kubadilika, ama kwa umbo, ama kwa rangi, ama kwa mwendo. Na katika pwani ya Afrika Mashariki, tangu Lamu hadi Mtwara, maji ya karibu na ufuo hubadilika kila saa.

Kwa msomaji wa bara, aliyezoea kuona sangara wakivuliwa katika Ziwa Viktoria, jambo hili lahitaji maelezo. Ziwa huchafuka kwa upepo na kisha hutulia, lakini kina chake cha asubuhi ndicho kina chake cha jioni. Baharini sivyo. Mahali ambapo alfajiri palikuwa na maji ya kumfunika mtu, adhuhuri huweza kuwa mchanga mtupu ambapo watoto wanachezea na akina mama wanaokota kombe. Samaki nao huhama pamoja na maji hayo, na mvuvi asiyehama pamoja nao hubaki akivua mahali patupu.

ASILI YA HILA HII

Hila ya kumdanganya samaki kwa kitu kisicholiwa si ngeni pwani. Wapo wavuvi wa ngalawa ambao wakirambaza, yaani wakiburura mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, hufunga juu ya ndoana nyoya jeupe au nyuzi za nailoni zilizochambuliwa, na kwa hizo huwapata nguru na sehewa. Wavuvi wa ngisi nao hutumia sanamu ndogo ya uduvi yenye taji la miiba mkiani, chombo ambacho asili yake ni Japani.

Huko Ufini, katika Ulaya ya Kaskazini, mvuvi mmoja aitwaye Lauri Rapala alichonga mwaka 1936 kisamaki cha gamba laini la mti, lile litumikalo kutengenezea vizibo. Alikifunika kwa karatasi ya bati iliyofungia chokoleti, kisha akakipaka utando uliotokana na kuyeyusha filamu za picha. Rapala alikuwa ametazama kwa makini na kuona kwamba samaki mkubwa akilikuta kundi la samaki wadogo hamkimbilii yeyote tu. Humkimbilia yule anayeyumba, aliye mgonjwa au aliyejeruhiwa. Kwa hiyo alikichonga kisamaki chake kiyumbe. Jina lake hata leo limo katika vyambo vinavyouzwa duniani kote, lakini fundisho lake ni kubwa kuliko jina: kinachomvuta samaki hasa ni mwendo.

Samaki mwindaji hukitambua chambo bandia kwa njia tatu. Ya kwanza ni macho. Ya pili ni mstari wa hisia ulio ubavuni mwake, ambao kwa huo huhisi mtikisiko wa maji ulio karibu, hata katika giza. Ya tatu ni kusikia, kwa maana sauti husafiri majini kwa kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Maji yakiwa safi, macho hutangulia. Maji yakichafuka, mtikisiko na sauti hushika nafasi ya macho.

Tena si kila shambulio ni la njaa. Wahenga walisema: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Kolekole aliyeshiba huweza kukirukia kitu kilichompita kwa ghafula mbele ya uso wake, kwa kuwa maumbile yake yamemfundisha kutokiacha kinachokimbia.

Vyambo hivyo ni vya namna nyingi, lakini vikubwa ni vinne. Kuna kijiko cha bati kinachometa na kuyumba. Kuna kisamaki cha mti au plastiki chenye kidomo bapa, ambacho kikivutwa huzama na kutikisika. Kuna kipande cha risasi kilichofungiwa manyoya au mpira laini, kinachoshuka hadi chini na kurukishwa kwa mkono. Mwisho kuna kile cha juu ya maji, chenye uso uliobonyea, ambacho kikivutwa kwa vishindo hurusha maji na kupiga kelele. Mwenye hivyo vinne, na akajua saa ya kila kimoja, amejitosheleza.

KUJAA NA KUPWA

Katika pwani hii bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, huja bamvua, na tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa katika bandari ya Mombasa huweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1.

Samaki mwindaji hapendi kupoteza nguvu zake bure. Mkondo unapokwenda, hujibanza nyuma ya jiwe, au kwenye ukingo wa mlango wa mwamba, akielekeza kichwa kule maji yatokako na kungoja riziki iletwe. Kwa sababu hiyo chambo hurushwa juu ya mkondo na kuachwa kiteremke pamoja nao, huku mvuvi akikunja mshipi kwa kiasi cha kuondoa ulegevu tu. Chambo kinachoupanda mkondo mkali kwa kasi hakifanani na kiumbe mgonjwa, na samaki mwenye uzoefu hukiacha kipite.

Wakati wa bamvua chambo chepesi huelea juu na kuchukuliwa mbali, wakati samaki yuko chini. Hapo risasi nzito yahitajika. Wakati wa maji mafu, risasi hiyo hiyo huzama kama jiwe na kunasa katika matumbawe, na mvuvi hupoteza chambo na mshipi. Kanuni iliyo nyepesi kukumbuka ni kutumia uzito mdogo kabisa unaoweza kukifikisha chambo alipo samaki. Maji yanaposimama baina ya kujaa na kupwa, samaki wengi huacha kula kwa kitambo. Mvuvi mwenye busara hutumia wakati huo kunoa ndoana na kukagua mafundo, kwa sababu yakianza kwenda tena, dakika za kwanza huwa ndizo bora.

PEPO ZA MSIMU

Juu ya kujaa na kupwa kuna pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Bahari huwa tulivu kwa kiasi, maji huwa safi, na joto lake kufikia Machi na Aprili hukaribia nyuzi 29 au 30 za Sentigredi. Kusi huanza baada ya hapo na kuendelea hadi Oktoba, ikiwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka. Joto la maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi, na mkondo mkubwa wa bahari, ambao katika sehemu kubwa ya pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, huongezeka kasi hadi kuweza kufikia maili 4 za baharini kwa saa. Baina ya pepo hizo mbili kuna maleleji, wakati ambapo upepo hauna msimamo.

Wakati wa kaskazi samaki huona mbali. Mshipi mnene humtia shaka, na kivuli cha mtumbwi humfukuza. Mvuvi hutumia mshipi mwembamba, chambo kidogo chenye rangi ya dagaa, na hurusha mbali. Saa zake ni alfajiri na machweo.

Wakati wa kusi vyombo vidogo vingi haviwezi kuvuka mwamba, na wavuvi hubanana ndani ya maji ya kati ya mwamba na ufuo, katika ghuba na katika hori. Huo ndio wakati ambapo chumvi hukosa cha kutiwa katika nyumba nyingi. Hata hivyo kusi ina zawadi yake. Mawimbi yanapovunjika juu ya mwamba na kutandaza povu, samaki wadogo hupoteza mwelekeo, na kolekole hulijua jambo hilo. Hutembea chini ya povu lenyewe. Hapo chambo kikubwa, kizito cha kupenya upepo na chenye kelele, kikirushwa kwenye ukingo wa povu na kuvutwa kwa haraka, hufanya kazi ambayo kijiko chembamba hakiwezi.

MAJI SAFI NA MAJI YA TOPE

Mvua zinaponyesha bara, mito ya Tana, Sabaki na Rufiji huleta udongo mwekundu baharini. Mto Sabaki humwaga maji yake kaskazini ya mji wa Malindi. Wakati wa kaskazi tope lake husukumwa kusini kuuelekea mji huo. Wakati wa kusi husukumwa kaskazini kuelekea ghuba ya Ungwana. Mvuvi anayejua upepo unakovuma ataweza basi kukisia rangi ya maji kabla hajaondoka nyumbani.

Maji ya namna hiyo hayana maana kwamba samaki hawapo. Mahali ambapo maji ya tope yanakutana na maji ya buluu huwa pana mstari uonekanao kwa macho, kama mpindo wa nguo mbili zilizoshonwa pamoja. Samaki wadogo hujificha upande wa tope, na wakubwa huwavizia upande wa maji safi. Chambo hupitishwa sambamba na mstari huo.

Juu ya rangi, watu hupoteza fedha nyingi bure. Nuru ya jua inapoingia majini, rangi nyekundu hufifia kwanza, ndani ya mita chache tu. Buluu ndiyo iendayo chini zaidi. Chambo chekundu kinachopendeza mkononi huwa cha kijivu kikifika chini. La muhimu zaidi ni jinsi chambo kinavyotofautiana na mandhari yake. Jua likiwa kali na maji yakiwa safi, fedha na nyeupe humeta kama magamba. Kukiwa na mawingu, au tope, au giza la alfajiri, chambo cheusi huonekana vizuri zaidi na samaki anayekitazama kutoka chini, kwa kuwa hukata umbo lake dhidi ya mwanga wa mbingu.

SIKU MOJA KATIKA HORI

Tuchukue mfano wa mvuvi kijana mwenye mtumbwi katika hori la Kilifi, mwezi wa Novemba, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Ni wakati wa maleleji, na mvua za vuli zimeanza. Siku kama hiyo maji hujaa karibu na saa 12 asubuhi na hukupwa kabisa karibu na saa 6 mchana.

Alfajiri maji yamefika ndani ya mizizi ya mikoko, na samaki wadogo wamo humo. Umande unavuma polepole kutoka bara na uso wa maji umelala. Kijana huyo anafunga chambo cheusi cha juu ya maji na kukivuta kwa vishindo vidogo, kando ya mikoko, akinyamaza kidogo baada ya kila kishindo.

Ifikapo saa 2, maji yanatoka kwa nguvu. Mizizi inaanza kuachwa wazi na samaki wadogo wanasukumwa kuelekea mlangoni. Kijana anawafuata. Anatoa cha juu na kufunga risasi yenye manyoya, akiirusha juu ya mkondo na kuiacha iteremke kwenye ukingo wa kina. Kati ya ndoana na mshipi ameweka kipande cha waya, kwa kuwa hapo tengesi hupita, na meno ya tengesi hukata nailoni kama wembe.

Saa 4 rangi ya maji inabadilika. Tope la juu ya hori limefika na kukutana na buluu ya baharini. Sasa anafunga kisamaki chenye kidomo bapa, kinachotikisika kwa nguvu, na kukipitisha kwenye mpaka wa rangi. Saa 6 mkondo unasimama, jua liko utosini, na upepo wa baharini unaanza. Anarudi nyumbani.

Kwa muda wa saa 6 amebadili chambo mara mbili, na kila mara aliyabadili mawazo yake kabla ya chambo. Mwenzake aliyeshikilia chambo kimoja tangu asubuhi kwa kuwa jana kilimpatia samaki, alikuwa anavua bahari ya jana.

BAHARI HAINA MZAHA

Elimu hiyo hiyo ya maji huokoa maisha. Maji yanapotoka kwa kasi katika mlango wa mwamba, na wakati huo huo kusi inasukuma mawimbi kuingia, viwili hivyo hugongana. Mawimbi husimama wima na kukaribiana, na mtumbwi uliopita mahali hapo kwa usalama saa mbili zilizotangulia huweza kupinduliwa. Mvuvi aliyezama katika furaha ya kuwafuata samaki mlangoni huweza kusahau kutazama saa. Kadhalika anayesimama juu ya jiwe la mwamba akirusha chambo wakati maji yanajaa hana budi kujua njia yake ya kurudi kabla haijafunikwa.

Hata dhoruba kubwa, ambazo ni nadra karibu na Ikweta, hazipaswi kudharauliwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliharibu vibaya mashamba ya mikarafuu ya Unguja. Kingine kilipiga Lindi mwaka 1952. Na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya Tanzania. Tahadhari ya idara ya hali ya hewa ikitolewa, mahali pa mtumbwi ni juu ya mchanga.

FAIDA NA WAJIBU

Huenda msomaji akauliza: yote hayo yana faida gani kwa mtu anayetafuta kitoweo? Faida yake ni kubwa. Mahali pengi katika ufuo, njaa ya msimu wa kusi imewafanya watu kuvuta juya katika maji machache, na juya hukokota kila kitu, mayai, vifaranga vya samaki na majani ya baharini walimozaliwa. Kenya ilipiga juya marufuku mwaka 2001, lakini marufuku peke yake haijazi chungu. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika pwani hii, na samaki wa mwambani wakazidi kuhitaji kuhurumiwa.

Chambo bandia humchagua samaki. Hakihitaji dagaa wanaoweza kuliwa na watu, na kikitunzwa hutumika siku nyingi. Samaki aliyenaswa mdomoni huweza kurudishwa akiwa hai ikiwa bado mdogo. Jambo hili lina maana ya pekee katika hori, kwa sababu vijana wa kolekole mkubwa hulelewa katika maji ya namna hiyo kabla ya kwenda mwambani, na samaki huyo hazai mpaka afikie urefu wa sentimita 60 hivi. Anayewamaliza humo anaukata mti kabla haujatoa ua.

Uvuvi huu nao una wajibu wake. Mshipi wa nailoni uliokatika hudumu miaka mingi na kuwanasa kasa na ndege. Haufai kutupwa majini. Ncha ya kuzuia iliyo kwenye ndoana ikibanwa kwa koleo, samaki mdogo hutoka bila ya kuchanika. Na hifadhi za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, zina mipaka yake: ndani ya eneo ambalo uvuvi umekatazwa, chambo bandia hakina ruhusa zaidi ya juya.

Mwenye nia ya kujifunza na aanze na daftari. Kila siku aandike umri wa mwezi, saa ya kujaa na kupwa, upepo, rangi ya maji, chambo alichotumia na samaki aliyempata au aliyemkosa. Kisha ayapeleke maandishi hayo kwa mzee wa pwani aliyevua kwa miaka mingi bila ya daftari, amwulize kwa nini ilikuwa hivyo. Wazee hao wangalipo, na wanayajua maji ya ufuo wao jiwe kwa jiwe. Vijana wawaendee sasa, wangali na nguvu za kuingia mtumbwini na kuwaonyesha.